Meza ya Fundi: Ilikuwa hivyo siku gani?

Barua za mwezi huu zimenikuta kidole gumba kimeganda kwa gundi, kwa hiyo mnisamehe herufi zikiruka. Nimechagua saba. Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa fundi wa bodi za ndege kwa miaka 29, sasa nimestaafu, nakaa Tanga, na ninaunda ndege ndogo za plastiki kwenye meza ya kulia chakula mpaka mama watoto atakapotaka kutandika. Ndege zenyewe ni za kivita, zile za kupigana angani, za 1939 hadi 1945, maana maboksi yake ndiyo yanayopatikana kwa wingi na ndizo zinazogombanisha watu.

*Shikamoo Fundi. Mdogo wangu aliyeko Muscat alinitumia boksi la Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza la ndege hiyo ya Kiingereza, skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko yenyewe). Nimeiunda kama ndege ya vita vya anga vya Uingereza vya 1940: mgongoni kijani na kahawia, tumboni ile rangi ya kijani hafifu wanayoiita Sky, mkanda wa Sky karibu na mkia, flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa) zimeshushwa, na vile viraka vyekundu mbele ya bunduki. Jamaa yangu kaitazama, kacheka, kasema ina makosa matatu, halafu kakataa kuyataja. Nisaidie nilale. — Baba Wawili, Morogoro*

Marahaba. Huyo jamaa yako roho ni ngumu, lakini macho anayo. Mimi nahesabu kosa moja la hakika, moja la mazoea, na moja linalotegemea saa.

La hakika ni mkanda. Waingereza wanavihesabu vita vile kuanzia tarehe 10 Julai hadi 31 Oktoba 1940. Mkanda wa Sky nyuma ya bodi, pamoja na kofia ya propela ya rangi hiyohiyo, uliagizwa mwishoni mwa Novemba. Ndege yako imevaa nguo ya msimu uliofuata. Unaweza kuuondoa, au unaweza kuuacha na kuihamishia ndege Desemba. Lakini ukihamia Desemba, chini ya bawa la kushoto pakwa nyeusi, kwa sababu amri ya wakati ule ilitaka hivyo na ilidumu mpaka Aprili 1941. Ukiuacha, upime: upana wake ulikuwa inchi 18, yaani kama sentimita 46 kwenye ndege yenyewe. Kwenye skeli yako ni milimita tisa na nusu. Wengi wanaupaka mpana mno, ndege ikaonekana imefungwa bandeji.

Hapo kwenye tumbo pia usikimbie. Mpaka mwanzoni mwa Juni 1940 ndege hizi zilikuwa na bawa moja jeusi na jingine jeupe chini. Juni ikaja Sky, na pamoja nayo yale maduara ya utambulisho chini ya mabawa yakaondolewa. Agosti yakarudishwa. Kwa hiyo Spitfire ya katikati ya Julai na Spitfire ya Septemba, kikosi kilekile, rubani yuleyule, ukizigeuza tumbo juu hazifanani. Boksi linakwambia ni ndege ya aina gani. Siku gani, unaichagua wewe, tena kabla hujafungua kopo la rangi. Mimi huiandika tarehe kwa kalamu ya risasi kwenye mfuniko wa boksi, na kila nikishikwa na tamaa ya kubandika stika fulani nzuri, naitazama ile tarehe kwanza.

Kosa la mazoea ni flapu. Flapu za Spitfire ziliendeshwa kwa upepo wa kubanwa na zilikuwa na hali mbili tu, juu kabisa au chini kabisa. Rubani alizipandisha mara tu alipotua, kabla ya kuendesha kuelekea maegesho, maana kiwanja ni nyasi na kokoto, na flapu iliyoning'inia inaomba kupigwa jiwe. Ndiyo maana ukitazama picha za Spitfire zilizoegeshwa, karibu zote flapu zimefungwa. Ukishikilia kuzishusha, basi kuna kijimlango juu ya kila bawa, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho huinuka flapu zikishuka ili rubani aone kwa macho yake. Flapu chini na kijimlango kimelala, hapo jamaa yako atacheka tena.

La saa ni viraka. Vile ni vipande vya kitambaa chenye gundi ya rangi nyekundu, vilivyofunika matundu ya bunduki nane kuzuia uchafu na baridi ya juu isigandishe bunduki. Risasi ya kwanza inavitoboa. Kama ndege yako inasubiri kuruka, vibaki safi. Kama umeipaka masizi ya baruti chini ya mabawa, na kwenye picha uliyonitumia naona umeyapaka kwa juhudi kubwa, basi viraka lazima viwe vimechanika. Huwezi kuwa na vyote viwili. Chagua: asubuhi au jioni.

Jambo dogo la kumalizia kwa wanaonunua maboksi yaliyokwisha funguliwa. Geuza bodi uangalie chini ya mabawa. Mk I hadi Mk V zina rejeta upande wa kulia na kipoza mafuta chembamba cha duara upande wa kushoto. Ukikuta masanduku mawili makubwa yanayolingana na propela ya panga nne, hiyo ni Mk IX au ndugu zake wa baadaye, na haikuwepo 1940 hata kwa ndoto.

*Babu, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akapelekwa Bama (Burma). Alikuwa akituambia ndege zilizowasaidia kule zilikuwa na jicho la buluu. Nimenunua boksi la Hurricane, stika zake zote zina duara lenye nyekundu katikati. Je, uzee ulimchanganya? — Mjukuu wa Keya, Kitui*

Marahaba mjukuu. Babu yako hakuchanganya kitu. Aliona vizuri kuliko aliyechora stika za boksi lako, maana yeye alikuwa chini ya hizo ndege na maisha yake yalitegemea kuzitambua.

Duara jekundu ndilo lililokuwa alama ya ndege za Wajapani. Sasa fikiria mpiga bunduki aliyejificha msituni. Ndege inapita juu ya miti, anaiona kwa nukta mbili tatu, na kitu cha kwanza kinachomgonga machoni ni nyekundu. Atafyatua. Wamarekani waliiona hatari hiyo mapema, wakaitoa nukta nyekundu iliyokuwa katikati ya nyota yao mwezi Mei 1942. Waaustralia wakabaki na buluu na nyeupe. Waingereza wa upande wa India na Burma walianza kwa kuipaka nyeupe juu ya nyekundu, na kufikia 1944 alama ya kawaida ikawa buluu iliyokolea nje na buluu hafifu ndani, tena duara dogo kuliko lile la Ulaya. Ukiitazama kutoka chini, ni jicho. Sijawahi kusikia mtu aliyeieleza vizuri kuliko babu yako.

Kama alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye beji ya kichwa cha kifaru, basi njia yake inajulikana: bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, tope hadi magotini, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Juu yao walikuwa na Hurricane zilizobeba mabomu chini ya mabawa, Thunderbolt, na zile Dakota za kudondosha chakula. Weka tarehe hiyo kwenye mfuniko wa boksi: Oktoba au Novemba 1944, bonde la Kabaw.

Halafu, kabla hujagusa gundi, angalia boksi lako ni la Hurricane gani. Kama ni Mk I, ile ya 1940 yenye bunduki ndogo nane zisizochomoza, pole sana, hilo si la Bama. Unahitaji Mk IIC, yenye mizinga minne mirefu inayotokeza mbele ya mabawa, na pua iliyorefuka kidogo kwa ajili ya injini mpya. Kubadilisha moja kuwa nyingine inawezekana, lakini gharama ya kisu na puti itazidi bei ya boksi jipya.

Rangi za mgongoni ni kijani na kahawia. Zichujue. Jua na mvua ya kule havikuacha rangi yoyote katika hali yake, na ndege zilikaa nje. Bodi ya Hurricane nusu ya nyuma ni kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za mbao, kwa hiyo nyuma ya chumba cha rubani usichonge ribiti (vile vijisumari vya kuunganisha bati) wala maungio ya bati; hapo panatakiwa paonekane kama kanzu iliyopigwa pasi juu ya mbavu za ng'ombe aliyekonda. Kwa yale maduara, usisubiri stika. Kata stensili kwa bikari yenye wembe, pulizia buluu iliyokolea, kisha chukua buluu hiyohiyo uichanganye na nyeupe mpaka ifanane na shati la shule lililofuliwa muhula mzima, ujaze katikati. Mikanda myeupe ya kwenye mabawa na mkia utaiona sana kwenye Thunderbolt. Kwenye Hurricane yako usiiweke mpaka uwe na picha.

Na kwenye kibao cha kuwekea ndege, andika namba ya batalioni ya babu. Jina la rubani si lazima.

*Fundi, nina picha ya zamani ya ndege ya Uingereza. Duara la ubavuni linaonekana lina pete nyeusi nje, na buluu yake inakaribia kuwa nyeupe. Kuna kikosi kilichotumia rangi hizo? — Mpiga Picha, Arusha*

Hakuna. Umedanganywa na filamu. Filamu za aina ya ortokromatiki zilizotumika sana wakati ule hazioni nyekundu kabisa, na njano zinaiona kwa shida. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, njano inatoka nyeusi au kijivu kizito, na buluu inatoka hafifu. Pete yako nyeusi ni ya njano. Filamu za aina nyingine, pankromatiki, huonyesha njano kama weupe. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta kwenye picha ni kitu ambacho rangi yake unaijua tayari, mfano lile duara lenyewe, ndipo uhukumu vingine. Watu wamepaka pua za ndege nyeusi miaka na miaka kumbe zilikuwa za njano. Wewe mpiga picha ulitakiwa unifundishe mimi hili.

*Fundi, salaam. Nina klabu ya watoto kumi na wawili hapa shuleni. Tulipata boksi la ndege ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109 F-4/trop, ya rubani Hans-Joachim Marseille. Stika za mkiani zina pengo, ile alama ya Wanazi haimo. Lakini imo nembo ya kikosi yenye ramani ya Afrika na kichwa cha Mwafrika kilichochorwa kwa dhihaka. Mtoto mmoja ameniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nimeshindwa kujibu. Tubandike au tusibandike? — Mwalimu, Mombasa*

Mwalimu wangu, barua yako nilikaa nayo siku nne.

La mkiani ni jepesi kulieleza. Sheria ya Ujerumani inakataza kuionyesha alama ile hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu na sanaa, kwa hiyo watengenezaji wengi huitoa kabisa au huikata vipande viwili, mjenzi aunganishe mwenyewe akitaka. Ndege yenyewe ilikuwa nayo. Anayeunda kwa ajili ya usahihi anaijua nafasi yake na kipimo chake. Mimi kwenye ndege zangu naiweka, kwa sababu sitaki mtu atazame ile ndege akadhani ilikuwa ya klabu ya michezo. Lakini mezani kwangu tumekaa watu wazima watatu na paka. Wewe una watoto kumi na wawili watakaobeba ndege hiyo mikononi mpaka nyumbani, wapite sokoni. Acha pengo, waambie pengo ni la nini.

Ile nembo ni ya kundi la kwanza la kikosi cha Wajerumani cha JG 27: ramani ya Afrika, kichwa cha mnyama wa jamii ya paka wakubwa, na kichwa cha mtu mweusi. Wapo wanaodhani iliwekwa kwa sababu kikosi kilipigana Libya na Misri. Hapana, walikuwa nayo kabla hawajakanyaga Afrika. Walifika Aprili 1941 na nembo wakaja nayo. Sasa mjibu yule mtoto hivyohivyo: huyu si mtu yeyote, ni picha ya Mwafrika iliyokuwa vichwani mwa watu waliowahi kunyakua makoloni Afrika kisha wakayapoteza. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Watoto wa Mombasa hawako mbali na habari hiyo hata kidogo.

Kubandika, mimi ningebandika. Upande mmoja. Ukiitoa, ndege inabaki nzuri tu, ya rangi ya mchanga na buluu, na uzuri ule ndio unaonitia wasiwasi kuliko nembo.

Kuhusu ndege yenyewe, kwa kuwa watoto wako watauliza: mgongoni ni rangi ya mchanga, tumboni buluu, na mkanda mweupe kuzunguka bodi nyuma, uliokuwa alama ya ndege za upande wa Bahari ya Kati na Afrika. Marseille alirusha zaidi ya ndege moja zenye namba 14 ya njano, na zinafanana sana. Kinachozitenganisha ni usukani wa mkia, ambako mistari ya ushindi wake iliongezeka wiki hata wiki. Hesabu mistari ya kwenye stika zako, utajua ni mwezi gani wa 1942. Wape watoto kazi hiyo. Alifikisha ushindi 158, akafa tarehe 30 Septemba 1942 huko Misri, karibu na Sidi Abdel Rahman, akiwa na miaka 22. Hakudunguliwa na mtu. Injini ya ndege mpya, aina ya G-2, ilitoa moshi, akaruka, akagonga mkia.

*Nimepewa ndege ya Kimarekani iliyokwisha pakwa, haina boksi wala karatasi. Nyota nyeupe, vibawa vyeupe kushoto na kulia, ukingo mwekundu kuzunguka vyote. Ni ya lini? — Mama Nuru, Dodoma*

Dada, una bahati, hiyo ndiyo alama rahisi kuliko zote. Vibawa vya pembeni na ukingo mwekundu viliagizwa mwishoni mwa Juni 1943. Agosti mwaka huohuo wakaamuru ukingo uwe wa buluu, kwa sababu ileile ya mjukuu wa Keya. Amri huchelewa kufika visiwani, na fundi huchelewa zaidi kutafuta brashi, kwa hiyo ongeza miezi michache. Kiangazi cha 1943 kwa majira ya kwao.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa urubani. Nataka kuunda P-51 Mustang ya wale marubani Weusi wa Tuskegee, yenye mkia mwekundu. Nataka iwe ya fedha inayong'aa yote, na nichonge kila ribiti. Una ushauri wa kutoboa ribiti zinyooke? — Rubani Mtarajiwa, Eldoret*

Mwanangu, weka sindano chini.

Miaka kumi na moja iliyopita nilifanya hicho unachotaka kufanya. Mustang ya 1/48. Nilichukua sindano ya cherehani, nikaipachika kwenye mpini wa brashi, nikabandika mkanda wa plasta kama rula, nikatoboa ribiti za mabawa moja moja, mstari kwa mstari, wiki tatu. Usiku, taa ya mezani, miwani miwili puani. Mama watoto akawa analala na kuamka ananikuta palepale. Nikaipuliza rangi ya fedha iliyong'aa kama sufuria mpya. Nikaipeleka kwenye maonyesho ya shule ya jirani, mashujaa tukakaa nyuma ya meza zetu. Akaja kijana wa kidato cha pili, akainama, akatazama muda mrefu, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mzee, hizi za kwenye bawa si zilizibwa kiwandani?"

Zilizibwa. Bawa la Mustang lilibuniwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika, na kichwa cha ribiti kilichotokeza hata unene wa karatasi kinaharibu kazi hiyo. Kwa hiyo kiwandani walijaza puti kwenye maungio na ribiti za bawa, wakapiga msasa, wakapaka praima, kisha rangi ya fedha. Bodi ndiyo iliyobaki bati tupu. Ina maana kwenye ndege moja una fedha za aina mbili: bawa ni rangi, laini, limepoa, halirudishi sura yako, bodi ni bati, linang'aa, na kila kipande kimetofautiana kidogo na jirani yake. Na mimi, fundi wa bodi wa miaka 29, ambaye nimekula mshahara kwa kupiga msasa mabawa ya ndege, nilisahihishwa na mtoto wa sare. Ile ndege bado ninayo. Naiweka rafu ya chini, upande wa ukuta.

Kwa hiyo chonga ribiti za bodi, na maungio ya bawa uyajaze puti, ubakize vifuniko vya bunduki, vya matangi na sehemu zinazochezacheza nyuma ya bawa. Puliza bawa rangi ya fedha ya kawaida, isiyo na mng'ao mkali. Kwenye toleo la P-51D, sakafu ya chumba cha rubani ilikuwa ya mbao, ikapakwa nyeusi isiyoteleza. Usiipake kijani cha kuta.

Sasa flapu, na hapa usichanganye na niliyomwambia Baba Wawili. Mustang inatumia hidroliki, yaani nguvu ya mafuta yaliyobanwa. Injini ikizimwa, presha inavuja taratibu, na baada ya muda flapu zinashuka zenyewe, na ile milango ya ndani ya magurudumu pia inafunguka na kuning'inia. Mustang iliyoegeshwa usiku kucha inakuwa imelegea kama mtu aliyevua mkanda baada ya pilau. Ukiiunda imefunga kila kitu, imesimama sasa hivi tu. Hiyo ni sawa, mradi ujue umechagua dakika hiyo.

Kuhusu mkia mwekundu: kundi la 332, chini ya Benjamin O. Davis Jr., lilikuwa na kiwanja Ramitelli, Italia, na Mustang walizipata katikati ya 1944. Walikuwa marubani Weusi katika jeshi lililowatenga na wenzao Weupe, chakula mbali, vyumba mbali. Wale wa kwanza, kikosi cha 99, walianza Afrika Kaskazini 1943 na P-40, na hizo P-40 hazikuwa na mkia mwekundu. Ukiona boksi linaiuza P-40 ya 1943 ikiwa na mkia mwekundu, lirudishe rafuni. Na ukichagua P-51D, tazama picha ya ndege hiyohiyo uone kama mbele ya mkia kuna lile pezi dogo linaloteremka mgongoni. D za mwanzo hazikuwa nalo.

*Fundi, mzee wetu mmoja husimulia kwamba ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi 1940. Nataka kuunda ndege ya kivita ya wakati huo, ya huku kwetu. Nianzie wapi? — Kijana wa Pwani, Malindi*

Mzee wenu anasema kweli. Lakini zilizobeba mabomu hazikuwa hizi ninazoshughulika nazo hapa; zangu ni zile za kupigana angani. Za vita vya upande wetu wa Afrika ziko za kutosha. Waitalia walikuwa na Fiat CR.42, ya mabawa mawili, rubani kichwa nje, iliyoruka mara ya kwanza 1938 huku dunia ikihamia bawa moja. Wasiidharau: Mario Visintini aliirusha Eritrea na kuwa mmoja wa marubani hatari kuliko wote waliopigana kwa ndege ya mabawa mawili, mpaka alipogonga mlima Februari 1941. Upande wa Kenya walikuwapo Waafrika Kusini, na Kikosi chao cha 1 kiliruka na Fury, Gladiator na Hurricane.

Kama mkono wako bado mgeni, anza na CR.42. Kwenye ndege nyingi za mabawa mawili kinachowatoa watu jasho ni nyaya kati ya bawa na bawa. CR.42 haina msitu huo. Mabawa yake yameshikwa na nguzo zilizopangwa kwa pembetatu, ukitazama kwa mbele unaona kama herufi W. Ukitaka Fury au Gladiator, nyaya hazikwepeki. Chukua kile kijiti cha plastiki kinachobaki ukishavikata vipande, kiwashie mshumaa kwa chini, usikiguse na moto, kizungushe mpaka kilegee kama ubani, kitoe, hesabu moja, kisha kivute kwa mikono miwili bila haraka. Utapata uzi mwembamba kuliko unywele. Wa kwanza utakatika. Wa kumi utafaa.

Ukiamua Hurricane ya Afrika Kusini, kuna jambo moja. Katikati ya duara lao wao waliweka rangi ya chungwa badala ya nyekundu. Ila ndege nyingine zilitoka mikononi mwa Waingereza na nyekundu yake, na kwenye picha nyeusi na nyeupe nyekundu na chungwa ni vigumu sana kuzitofautisha. Kwa hiyo sitakwambia upake ipi. Muulize yule mzee kama kuna nyumba hapo Malindi yenye picha za wakati ule ukutani au sandukuni, na ukiipata, ipige kwa simu mchana, kivulini, kioo kikiwa kimetolewa, unitumie.